Dawa za Mfadhaiko na Ujauzito: Kesi za Ng'ambo Zinatufunza Nini?

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowatia hofu akina mama wengi, na ambalo mara nyingi husemwa kwa kunong'ona: matumizi ya dawa za kutibu mfadhaiko wakati wa ujauzito.

Huenda umewahi kusikia kwamba huko Marekani akina mama walizishtaki kampuni za dawa kwa sababu watoto wao walizaliwa na kasoro za moyo. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini habari ikisafiri kutoka Marekani hadi ifike Malindi, Watamu, Ganze au Magarini, hufika imebaki kipande tu: "Dawa za mawazo zinaharibu mtoto tumboni." Mama mjamzito akisikia hivyo, jioni ile ile huenda akavitupa vidonge vyake. Hapo ndipo hatari nyingine inapoanza, na hiyo haitangazwi sana.

Kwa hivyo leo tutaeleza kesi hizo zilihusu nini, ziliishaje, na wewe mama ufanye nini ikiwa unatumia dawa hizi na umepata mimba au unatarajia kupata.

MFADHAIKO SI UVIVU

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mfadhaiko, au sonona kama wengine wanavyouita, ni zaidi ya huzuni ya siku moja. Ni huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi. Mama hukosa usingizi au hulala kupita kiasi. Chakula hakipiti. Mambo aliyoyapenda hayamfurahishi tena. Hujiona hana thamani, na wengine hufikia kutamani kufa.

Hapa kwetu Pwani wapo watakaosema amepandwa na pepo, na wapo watakaosema anajidekeza tu. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea, takriban wanawake 16 kati ya kila 100 wajawazito, na karibu 20 kati ya kila 100 waliojifungua, hupata ugonjwa wa akili, hasa mfadhaiko. Hebu litazame benchi la kliniki ya wajawazito siku ya Jumatatu. Wakikaa akina mama kumi, huenda mmoja au wawili wamo katika hali hii, na jirani aliyekaa nao bega kwa bega hajui.

Mfadhaiko usiotibiwa una madhara yake. Mama hali vizuri, huruka siku za kliniki, na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Baada ya kujifungua, mama anaweza kushindwa kumnyonyesha na kumtunza mtoto. Na baadhi ya akina mama hujiua. Tusilifiche jambo hili. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Mfadhaiko ukiwa mwepesi, mara nyingi hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri na kwa msaada wa jamaa. Ukiwa mzito, daktari anaweza kuongeza dawa. Miongoni mwa dawa hizo ni amitriptilini, fluoksetini, sertralini na paroksetini.

KESI ZILIANZIA WAPI?

Zamani watu walidhani kwamba dawa anayomeza mama haimfikii mtoto tumboni. Dhana hiyo ilivunjwa na dawa iitwayo thalidomaidi. Iliuzwa kuanzia mwaka 1957 huko Ujerumani Magharibi, kisha katika nchi nyingine nyingi, na akina mama waliitumia kupunguza kichefuchefu cha mimba. Iliondolewa madukani Ujerumani mwishoni mwa 1961, na kwa jumla watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi mno. Familia zilikwenda mahakamani kudai fidia. Tangu hapo, serikali nyingi zilianza kudai ushahidi zaidi kabla ya dawa kuruhusiwa.

Sasa tuje kwenye dawa za mfadhaiko. Mnamo Desemba 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu paroksetini, ambayo huuzwa kwa majina kama Paxil na Seroxat. Uchunguzi wa awali ulikuwa umeonyesha kwamba mama akiitumia katika miezi mitatu ya kwanza, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya moyo huongezeka.

Akina mama wengi walifungua kesi dhidi ya mtengenezaji, kampuni ya GlaxoSmithKline. Mwezi wa Oktoba 2009, katika mji wa Philadelphia, raia walioketi kama waamuzi mahakamani walikubaliana na familia moja kwamba kampuni haikuwaonya madaktari ipasavyo. Familia hiyo ilipewa fidia ya dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata, 2010, magazeti yaliripoti kwamba kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni moja ili kumaliza mamia ya kesi za aina hiyo nje ya mahakama.

Wengi huisikia habari hii ikakomea hapo. Lakini kuna sehemu ya pili.

Mamia ya akina mama wengine waliishtaki kampuni ya Pfizer, iliyokuwa ikitengeneza Zoloft, ambayo ndiyo sertralini. Mwaka 2015 kesi mbili zilisikilizwa hadi mwisho, moja St. Louis na nyingine Philadelphia, na zote mbili kampuni ilishinda. Mwaka 2016 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Philadelphia alizitupilia mbali zaidi ya kesi 300, akisema kwamba ushahidi wa kisayansi ulioletwa haukutosha kuonyesha kuwa dawa ile ndiyo iliyosababisha kasoro. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo.

Mbona dawa mbili za kundi moja zikapata hukumu tofauti? Kwa sababu mahakama katika kesi kama hizi huuliza maswali matatu. La kwanza, je, dawa hii inaweza kweli kusababisha kasoro hii? La pili, je, ndiyo iliyosababisha kwa mtoto huyu? La tatu, je, kampuni ilijua, au ilipaswa kujua, na haikuonya? Mlalamikaji akikwama kwenye swali la kwanza, hayo mengine hayana pa kushika. Kwa hivyo hukumu juu ya dawa moja haiwi hukumu juu ya dawa zote.

TUHESABU PAMOJA

Mama mpendwa, neno "hatari" halina maana mpaka tujue ni ya wangapi. Kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa, takriban 3 huwa na kasoro kubwa ya kimaumbile, hata kama mama hakumeza dawa yoyote. Katika hao 100, mmoja hivi huwa na kasoro ya moyo.

Mama 100 wakitumia paroksetini mwanzoni mwa mimba, uchunguzi ulioleta onyo la 2005 ulionyesha kwamba watoto wenye kasoro ya moyo wanaweza kufikia 2 badala ya 1. Hatari imeongezeka, na kwa sababu hiyo madaktari huikwepa dawa hii kwa mwanamke anayetarajia mimba. Hata hivyo, watoto 98 kati ya hao 100 mioyo yao haina kasoro. Kwa sertralini na fluoksetini, ongezeko lolote lililoonekana katika tafiti ni dogo sana, na tafiti nyingine hazikuliona kabisa.

Lipo jambo jingine la kujua. Mama akitumia dawa za kundi hili hadi miezi ya mwisho, baadhi ya watoto huzaliwa wakitetemeka kidogo, wakilia sana au wakisita kunyonya. Mara nyingi hali hii hupita yenyewe baada ya siku chache. Ni nadra sana mtoto kupata shida kubwa ya kupumua. Ndiyo sababu mama anayetumia dawa hizi anatakiwa kujifungulia hospitalini na kuwaambia wakunga anatumia dawa gani, ili mtoto aangaliwe.

KUNA DAWA INAYOHITAJI TAHADHARI KUBWA ZAIDI

Katika kliniki zile zile za magonjwa ya akili hutolewa pia dawa za kifafa, na moja kati ya hizo ni valproeti, ambayo baadhi yenu mnaijua kwa jina la Epilim. Hutibu kifafa, na pia ugonjwa wa akili unaomfanya mtu achangamke kupita kiasi kisha azame katika huzuni. Hapa kwetu tunalazimika kuijua, kwa sababu kifafa ni ugonjwa wa kawaida katika kaunti ya Kilifi. Watafiti wa KEMRI mjini Kilifi wameuchunguza kwa miaka mingi.

Mama 100 wakitumia valproeti wakati wa mimba, watoto 10 hivi huzaliwa na kasoro, ikiwemo uti wa mgongo ulio wazi. Watoto 30 hadi 40 huchelewa kuongea, kutembea au kuelewa masomo. Hatari hii ni kubwa kuliko ya dawa za mfadhaiko tulizozitaja.

Huko Ufaransa familia ziliungana na kuishtaki kampuni ya Sanofi. Januari 2022 mahakama ya Paris iliamua kwamba kampuni hiyo ilikosa kwa kutotoa tahadhari na maelezo ya kutosha. Uingereza nayo, ripoti iliyotolewa Julai 2020 baada ya uchunguzi ulioagizwa na serikali ilieleza kwamba akina mama walipewa dawa hii kwa miaka mingi bila kuambiwa hatari zake.

Lakini sikiliza kwa makini: hata valproeti usiiache ghafla. Kifafa kikirudi kwa nguvu mama anaweza kuanguka motoni, kisimani au baharini, na degedege la mfululizo linaweza kumuua yeye na mtoto. Kama wewe ni mwanamke wa umri wa kuzaa na unaitumia, nenda kwa daktari mapema, kabla ya mimba, akutafutie dawa nyingine inayokufaa.

FUNZO LA MWAKA 2018

Afrika Mashariki tulipata funzo letu wenyewe, ingawa si kuhusu mfadhaiko. Mei 2018 watafiti nchini Botswana walitoa habari kwamba miongoni mwa watoto 426 ambao mama zao walikuwa wakitumia dawa ya virusi vya Ukimwi iitwayo dolutegraviri walipopata mimba, 4 walizaliwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Hofu ilitanda. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowazuilia wanawake wengi wa umri wa kuzaa wasipewe dawa hiyo, ingawa ilikuwa bora kuliko ile ya zamani.

Julai mwaka huo, wanawake 39 wanaoishi na virusi kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali, Rwanda. Walidai jambo moja: tupeni habari zote, faida na hatari, kisha tuacheni tuchague. Watafiti wakaendelea kuhesabu. Kufikia mwaka 2019 walikuwa wamepata watoto 5 kati ya 1,683, yaani 3 hivi katika kila 1,000. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wakiwemo wanawake. Baadaye hesabu ilizidi kushuka hadi ikakaribiana na ya dawa nyingine.

Unaona, msikilizaji? Onyo la kwanza ni la kuchukuliwa kwa uzito, lakini bado si jibu la mwisho.

UFANYE NINI?

Kwanza, usiache dawa ghafla. Ukiiacha kwa siku moja unaweza kupata kizunguzungu, jasho, hasira na kukosa usingizi, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi kwa nguvu.

Pili, uliza mapema. Moyo wa mtoto huumbika katika wiki chache za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua kama wana mimba. Mama anayekwenda kliniki mara ya kwanza mwezi wa tano, moyo wa mtoto wake umeshaumbika. Kutupa vidonge wakati huo hakuurudishi nyuma wakati. Basi kama unatumia dawa hizi, mwambie daktari unapotaka kupata mimba, au mara tu ukikosa hedhi.

Tatu, nenda na dawa zako zote kliniki, ndani ya pakiti zake, pamoja na zile za kienyeji. Mwambie nesi aandike majina yake katika kitabu cha mama na mtoto.

Nne, usinunue dawa ya mawazo kwenye duka la dawa kwa kuelekezwa na jirani. Dawa iliyomsaidia yeye huenda isikufae wewe wala mimba yako.

Tano, uliza maswali haya: Dawa hii inaitwaje? Inaweza kumdhuru mtoto vipi, na ni watoto wangapi katika mia? Nisipoitumia, mimi nitakuwa hatarini kiasi gani? Kuna njia nyingine? Kuuliza si utovu wa adabu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa kila mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa. Ukielewa Kigiriama kuliko Kiswahili, omba uelezwe kwa Kigiriama.

MTOTO AKIZALIWA NA KASORO

Jambo la kwanza, mama, usijilaumu, na wala asikulaumu mume wala mama mkwe. Kasoro nyingi hazijulikani chanzo chake. Mpeleke mtoto hospitalini mapema, kwani kasoro nyingi za moyo, mdomo na nyayo hutibika.

Ikiwa unashuku dawa, mwambie daktari au mfamasia apeleke ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Ripoti hiyo haihitaji uthibitisho, na mwananchi pia anaruhusiwa kuripoti. Onyo juu ya dawa huanza na ripoti za namna hii zinazokusanywa moja moja.

Ikiwa unaona hukuelezwa hatari, au ulihudumiwa kwa uzembe, unaweza kulalamika kwa uongozi wa hospitali, kwa Baraza la Madaktari, au kwenda mahakamani. Weka kitabu cha kliniki, karatasi za dawa, risiti na pakiti tupu. Hizo ndizo zitakazosema mbele ya hakimu. Wala usikawie. Kwa kawaida madai ya madhara hufunguliwa ndani ya miaka 3, na yale dhidi ya Serikali ndani ya miezi 12. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nikinyonyesha niache dawa? Hapana, zungumza na daktari kwanza. Sertralini, kwa mfano, huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na akina mama wengi hunyonyesha huku wakiitumia.

Je, nimeze vidonge vya foliki? Ndiyo. Kila mwanamke mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki. Foliki husaidia kukinga uti wa mgongo wa mtoto, na ni vyema kuanza kabla ya mimba. Lakini haiondoi hatari ya valproeti.

Je, nikisema nimewahi kutaka kujiua nitashtakiwa? Zamani kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Kwa hivyo sema, mama. Mwambie nesi, au mhudumu wa afya wa kijijini, na siku hiyo hiyo upelekwe hospitalini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mfadhaiko wa ujauzito ni ugonjwa na una tiba.

Dawa za mfadhaiko hazilingani. Paroksetini huepukwa mwanzoni mwa mimba. Valproeti ina hatari kubwa zaidi.

Usiache dawa ghafla. Uliza kwanza, tena mapema.

Jifungulie hospitalini, na useme unatumia dawa gani.

Hifadhi karatasi zako zote.

Nawe baba, au mama mkwe, unayesikiliza: ukimwona mjamzito nyumbani amenyamaza, hali, halali, usimwambie ajikaze. Kaa naye, msikilize, kisha msindikize kliniki. Akina mama waliokwenda mahakamani huko ng'ambo, wengi wao walisema jambo moja: hatukuambiwa. Wewe leo umeambiwa. Mwambie na mwenzako.